Kijiti cha Amani: Siku Kumi Njiani Kufuata Mbegu ya Muhogo

Siku ya 1, Jumatatu. Mbagala hadi Muheza

Nimetoka Mbagala kabla ya adhana ya alfajiri, nikiwa na begi moja, daftari, na maneno ya mama aliyonipigia jana usiku: "Ukiiona mbegu isiyooza, mwanangu, usirudi mikono mitupu."

Mama analima Mkuranga, ekari mbili na nusu, mihogo na mikorosho michache. Mwaka jana mwezi wa nane alimuuzia mchuuzi mmoja matuta yake yote ya Kibandameno, ule muhogo mtamu wa zamani ambao watu wa Pwani tumekulia. Mchuuzi alikuja na kirikuu na vijana wawili. Wakang'oa. Kwa nje mihogo ilikuwa minene, ganda halina doa hata moja. Kijana mmoja akauvunja mmoja auonje. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Akavunja wa pili, wa tatu, wa nne. Mchuuzi hakusema neno baya. Alidai pesa yake tu, na mama akamrudishia noti kwa noti, nyingine ameshazifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Jioni ile nilimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi, akichonga kila mzizi kutafuta penye weupe pa kutia chunguni.

Nina duka dogo la pembejeo. Wateja huja na jani la muhogo lililonyauka mkononi wakiniuliza dawa ya kupulizia. Dawa hiyo haipo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa virusi. Huwaambia hivyo, wakaondoka, nami nikabaki na donge kooni. Ndiyo maana nimefunga duka siku kumi. Nataka kuona kwa macho yangu watu wanaoutafutia muhogo dawa yake, na nimeamua kuanzia pale walipoanzia wao.

Tumefika Muheza saa tisa alasiri. Machungwa ya mwisho wa msimu yamepangwa barabarani mafungu mafungu.

Siku ya 2, Jumanne. Amani

Basi la kwenda Amani, kijiji cha juu ya milima ya Usambara, huondoka likishajaa, na leo limejaa magunia, ndoo na akina mama wanaorudi na bidhaa za sokoni. Baada ya Zigi barabara inaanza kujikunja. Joto la Muheza linabaki chini, na dirishani unaingia ubaridi wenye harufu ya majani mabichi na, mahali fulani, hiliki.

Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902. Walipoondolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaifufua kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Siku hizi majengo ya kilimani yanatumiwa na watafiti wa magonjwa ya binadamu. Miti waliyoipanda wale wa mwanzo bado imesimama, mingine shina lake watu wanne hawalikumbatii.

Nimekuja kwa sababu ya mtu mmoja hasa, H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani ya juu na kuyatia rangi ya kijani na njano, ulikwisha kuandikwa tangu 1894, na ulioandikwa ni wa nchi hii hii yetu. Storey alikuwa Amani akiuchunguza, na mwaka 1936 akaandika kuhusu ugonjwa wa pili, ule wa michirizi ya kahawia, unaojificha. Huu majani ya juu huyaacha yakiwa mazuri. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, njano ikiambaa kandokando ya mishipa, na shina changa hupata michirizi ya kahawia. Uharibifu wenyewe unafanyika chini ya udongo. Ndio huo uliomrudishia mchuuzi pesa yake.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walijaribu mihogo ya kila namna wakaona yote inashindwa kwa kiasi fulani. Wakageukia ndugu za muhogo. Na hapa nimesimama kwenye njia ya bustani nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, maana ndugu aliyewasaidia zaidi ni mpira! Ule mti ulioletwa kutoka Brazili ili ukamuliwe utomvu, ambao mashamba yake ya biashara yalikufa zamani, ila sisi watu wa Pwani tukaubakiza uani kwa ajili ya mboga. Kisamvu cha mpira. Nani wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja hajakila na nazi na karanga? Kumbe ndani ya mti ule uliosimama nyuma ya jiko la bibi yangu mlikuwa na ukinzani ambao muhogo haukuwa nao.

Kazi yao ilikuwa ya mikono na subira. Unachukua chavua ya mpira, unaipaka kwenye ua jike la muhogo, unalifunika wadudu wasiliguse. Tunda la muhogo hutoa mbegu tatu tu, na kila mbegu huota mche wa tabia yake, kama watoto wa tumbo moja. Mtoto wa mpira na muhogo huwa na afya njema lakini mizizi yake haifai, myembamba na migumu. Basi unamrudisha kwa muhogo, kisha mtoto wake unamrudisha tena, na tena. Kila kizazi unapanda mamia, unaacha magonjwa yachague, unabaki na wachache. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, chini ya D. L. Jennings aliyewapokea.

Baada ya hapo vijiti vya kupandia vilisambaa. Ukoo mmoja ulipelekwa Nigeria, na miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, iliyoko Ibadan ikautumia kuzalisha mihogo mipya. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990, miongoni mwa mbegu za kwanza walizogawiwa wakulima kwa jina la NASE zilikuwa za ukoo huo uliopita Ibadan. Damu iliyotoka Amani ikazunguka hadi Magharibi na kurudi kwenye ziwa letu. Kijiti kingine kiliandikwa kwenye daftari za Amani kwa namba tu, 46106/27. Hicho ndicho ninachokifuata hadi Mtwara.

Mwongozaji, mzee wa makamo aliyezaliwa hapa hapa, ameniuliza ninachoandika. Nilipomweleza, amenipeleka nyuma ya nyumba yake bila maneno mengi. Mpira wa kisamvu umesimama karibu na karo, majani yake yamechumwa hadi pale mkono unapofika.

Siku ya 3, Jumatano. Muheza hadi Bagamoyo

Siku ya mabasi. Segera, Mkata, Mandera, kisha nikashuka Msata na kupanda gari la Bagamoyo. Ardhi yote ni kavu, vuli bado. Mihogo ya kando ya barabara imepukutisha majani ya chini, na nimeanza kuelewa kwa nini ugonjwa wa michirizi unawahadaa watu. Jani lenye dalili likianguka kwa ukame, shamba lote linaonekana zima, na ni wakati huo huo watu wanapokata vijiti vya kupanda.

Nimelala Bagamoyo mjini. Pweza wa jioni, muhogo wa kukaanga, pilipili. Nimeuvunja kila kipande kabla ya kukitia mdomoni, na muuzaji ameniuliza, "Dada, una nini na mihogo yangu?"

Siku ya 4, Alhamisi. Chambezi

Chambezi ni shamba la majaribio wilayani Bagamoyo. Joto lipo, nzi weupe wapo, ugonjwa upo, na kwa kazi hii hiyo ni neema, kwa sababu mmea ulioletwa hapa hauna pa kujificha. Ukiwa dhaifu utaonekana.

Fundi wa shambani aliyenipokea ni binti wa umri wa mdogo wangu. Amegeuza jani changa la juu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Chini yake wamejipanga wadudu weupe, wadogo kuliko punje ya mtama, mabawa yamefungwa kama paa la nyumba. Alipopuliza kidogo wakatimka mithili ya unga, kisha wakarudi pale pale.

"Hawa wana lawama yao," akasema, "lakini virusi vya michirizi havidumu mwilini mwa nzi. Baada ya muda mfupi vinakwisha. Nzi anauhamisha ugonjwa kutoka shamba hili hadi la jirani. Kuutoa Bagamoyo hadi Ruvuma ni kazi ya mtu na mzigo wake wa vijiti."

Nimeyaandika maneno hayo, nikayapigia mstari mara mbili. Muhogo hatuupandi kwa mbegu ya punje, tunaupanda kwa pingili ya shina, na chochote kilichomo shinani kinakwenda nao. Upendo wetu wa kugawiana, shangazi kumfungia mpwa vijiti viwili vitatu aende navyo kwao, ndio barabara ya ugonjwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini michirizi ni ugonjwa wa Pwani na mabonde ya chini, kwamba juu ya mita 1,000 hivi hausambai. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye nyanda za juu, na tangu hapo umeingia nchi nyingi za maziwa makuu.

Mchana walikuwa wanavuna mistari ya majaribio. Kila shina likishang'olewa, mizizi inapangwa chini kwa mpangilio wa kamba. Binti anakata kila mzizi vipande kadhaa kwa kisu kipana, tok, tok, tok, anaangalia uso wa kila kipande na kutaja namba. Moja ni mweupe safi. Mbili ni vidoa vichache. Tano ni muhogo ulioliwa na kahawia kiasi kwamba hata nguruwe utamwonea huruma. Mwenzake anaandika. "Moja, moja, mbili, moja. Nne. Tano, tano." Sauti haipandi wala haishuki. Mimi kila aliposema tano nilimwona mama kwenye kibao chake cha mbuzi.

Nilimuuliza kama anachoka. Alisema msimu mmoja hukata maelfu.

Kuna mihogo inayopata virusi na bado ikabaki na mizizi mizuri. Kiroba ni mmoja wapo, na wakulima wa Pwani walikuwa nao mashambani mwao kabla ya maofisa kuutia kwenye orodha yoyote. Mingine ilizaliwa kwa kuchavushwa na kuchaguliwa, ikaruhusiwa baada ya majaribio ya misimu kadhaa: Mkumba na Pwani mwaka 2012, Chereko, Kipusa na Mkuranga 1 miaka miwili baadaye. Niliposikia jina la Mkuranga nilicheka kwa sauti. Wilaya yetu ina muhogo wake, na dukani kwangu hakuna aliyewahi kunitajia.

Binti alitoa simu akanionyesha programu iitwayo Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia kama ni batobato, michirizi au madhara ya utitiri, kwa Kiswahili, hata pasipo mtandao. Nilichofurahia ni kwamba picha zilizoifundisha hapo mwanzo, zaidi ya elfu mbili, zilipigwa kwenye mashamba ya Bagamoyo. Tumeijaribu kwenye majani sita. La nne liligoma mara ya kwanza kwa sababu ya jua, tukalitilia kivuli cha mkono likasomeka.

Wakati wa kuaga nilimwomba vijiti. Nilijua jibu, nikaomba hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kwa upole. Vijiti vya majaribio havitoki. Kama nataka mbegu, wilayani kwetu wapo wakulima wanaozalisha, mashamba yao hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, na kupewa hati ya mbegu za kuazimiwa ubora. Alinipa mizizi badala yake, Kiroba na Chereko, minne minne, ya kula tu.

Siku ya 5, Ijumaa. Mkuranga

Nimepitia kwa mama kabla ya kuendelea kusini. Ameipokea mizizi, akaivunja yote minane, mmoja mmoja, akaiangalia kimya. Myeupe.

"Shikamoo, mama. Ndiyo hiyo."

"Marahaba. Weupe nimeuona. Sasa inaivaje?"

Swali hilo wataalamu wengi wamejifunza kulisikiliza kwa kuchelewa. Muhogo usio na ugonjwa ambao haulainiki kwenye sufuria, nani ataununua? Mama amechemsha kila mmoja kwenye chungu chake, maji yale yale, kuni zile zile, hajauliza jina la upi ni upi. Ameuchoma uma, amesikiliza unavyopasuka, kisha akautia tui. Ule wa chungu cha kushoto aliusifu bila kusita, ulikuwa Kiroba. Wa kulia aliula polepole, akanyamaza, akaongeza kipande. "Huu nao haunichukizi. Wa futari huu."

Nilimweleza habari ya vijiti na virusi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ile mbegu aliyopewa na marehemu shangazi kutoka Kisarawe ndiyo iliyomletea balaa. Nikamwambia huenda, na huenda si hiyo, shangazi mwenyewe hakujua. Mama aliinuka akaenda kuangalia kuku.

Siku ya 6, Jumamosi. Mkuranga hadi Mtwara

Nimesimamisha basi barabarani saa moja asubuhi. Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kabla ya 2003 hapa watu walivuka kwa pantoni na safari ya kusini ilikuwa ya siku kadhaa. Nangurukuru, Lindi, Mingoyo. Malori ya korosho tumeanza kupishana nayo, msimu umefunguliwa. Mtwara tumeingia giza limeshashika.

Siku ya 7, Jumapili na asubuhi ya Jumatatu. Naliendele

Jumapili nimepumzika na kutembea feri. Nimeandika siku hizi mbili pamoja.

Naliendele iko nje kidogo ya mji wa Mtwara. Ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa 1970, na watu wa kusini wanakijua kwanza kwa korosho. Ni haki yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kama 16,500. Sababu zilikuwa nyingi, kuhamishiwa vijijini na bei mbaya zikiwemo, lakini ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, nao ulikuwa ukiyafunika maua kwa unga mweupe. Hapa ndipo walipohangaika na salfa, na miche bora, na kubebesha mikorosho ya zamani vikonyo vya mikorosho mipya. Leo nimekuta wazee wa kijiji cha jirani wanataja aina za mikorosho kwa namba za kituo kama wanaotaja majina ya wajukuu.

Ila mimi nilikuja kwa ajili ya kijiti namba 46106/27.

Mambo yalikwenda hivi. Kazi ya Amani ilipofungwa, vijiti vilikuwa vimekwisha kutoka. Havikubaki na karatasi zao. Mkulima hapandi namba, na kijiti kile kikapata majina. Pwani ya Kenya watu wakakiita Kaleso. Huku kusini wakakiita Namikonga. Kikakaa mashambani miaka mingi, kikipandwa tena na tena na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Storey, kwa sababu moja tu, kwamba kila walipokivunja kilikuwa cheupe. Watafiti walipokuja baadaye kutafuta muhogo unaokinza michirizi wakaikuta Namikonga imesimama katikati ya mihogo iliyooza. Vinasaba vilipopimwa, Namikonga na Kaleso vikaonekana ni kitu kimoja, mtoto wa Amani.

Mtafiti aliyenieleza haya alikuwa anatembea mbele yangu kati ya mistari, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Waliichavusha Namikonga na muhogo mwingine wa hapa hapa uitwao Albert, ambao hushikwa na ugonjwa upesi, wakapanda watoto wao Naliendele na Chambezi, wakawakata na kuwapa namba misimu miwili, kisha wakatafuta ni sehemu zipi za vinasaba wanazo wale waliobaki weupe. Faida yake ni kuokoa muda. Badala ya kungoja mwaka mzima ung'oe mzizi ndipo ujue, unaweza siku moja kuuliza jani la mche mchanga.

Alisimama mbele ya mstari mmoja. "Hii ndiyo."

Nilitegemea sijui nini. Ni muhogo tu, shina la rangi ya udongo, vikovu vya majani vimepangana kama vifungo vya shati. Nimeushika kwa kiganja nikakaa hivyo kidogo, na yeye akanisubiri.

Siku ya 8, Jumatatu. Uwanda wa Makonde

Gari la Newala linapanda uwandani na unaona bonde la Ruvuma limelala mbali, bluu. Maji huku ni shida ya kurithi, ndoo zinasafiri kuliko watu. Muhogo ndio ugali.

Kijijini nimefikia kwa bibi mmoja, mama mzazi wa mteja wangu wa Mbagala. Uani kwake makopa yalikuwa juu ya mkeka, meupe, yamepinda kama magome. Nilikuta ameloweka unga, na nikamwuliza kwa nini.

Mihogo mingi inayohimili ukame ni michungu, na uchungu ule unaambatana na sumu ya sianidi. Watu wa huku tangu zamani wanajua kuiondoa kwa kumenya, kuvundika, kutwanga na kuanika. Shida huja mwaka wa njaa, watu wanapofupisha kazi ili watoto wale leo. Ukila unga wenye sumu wiki kadhaa mfululizo bila nyama wala maharage, konzo hukupata. Miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Mkoa huu ulionja janga hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia isiyodai kifaa chochote. Unga unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba, kina kisichozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichomo ndani ya unga wenyewe humalizia kazi, sumu inageuka hewa na kuondoka. Kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo imefundishwa Msumbiji, Kongo na hapa Tanzania.

Bibi alinieleza kwa ufupi zaidi. "Unauacha unga upumue."

Alasiri alinipeleka shambani. Namikonga yake ipo, mistari minne kando ya mkorosho. Aliipata kwa mama mkwe wake alipokuja kuolewa, na mama mkwe alisema ilitoka kwa watu wa Kitangari. Zaidi ya hapo hajui. Nikamweleza ninachojua mimi, kilima cha Amani, mpira wa kisamvu, namba kwenye daftari. Alinisikiliza akiwa ameshika shina moja, kisha akasema, "Kumbe imetembea hivyo." Akachomoa panga, na kabla sijatia neno alikuwa amekata mashina sita, ameyafunga kwa kamba ya mgomba, ananikabidhi kwa mikono miwili.

Nimekaa na mzigo ule mapajani muda mrefu. Mama ameagiza mbegu isiyooza, na hii hapa, yenyewe hasa, imenijia kama zawadi kutoka kwa mtu mzima ambaye kumrudishia mkono ni kumvunjia heshima. Kwenye basi hakuna wa kunikagua. Shina la Namikonga huenda halina kitu. Huenda lina virusi visivyoonekana ambavyo lenyewe linavistahimili, na Kibandameno cha jirani yetu hakitavistahimili.

Nikapiga magoti. "Bibi, naomba uniwie radhi." Nikamweleza habari ya nzi na mzigo wa vijiti, kama alivyonieleza yule binti, na nikamtajia shangazi yangu wa Kisarawe.

Hakukasirika. Alivichukua vijiti, akafikiri, akaenda navyo hadi mwisho wa mstari wa nne, akaanza kuvichomeka ardhini kavu vile vile ili vingoje mvua. Jioni akanifungia kibaba cha unga kwenye kitambaa. "Huu mpelekee mama yako. Unga hauoti."

Siku ya 9, Jumanne

Newala, Masasi, Nangurukuru, Mkuranga. Nimelala njia nzima.

Siku ya 10, Jumatano. Mkuranga

Tumekwenda na mama kwa mkulima mzalishaji, mwendo wa bodaboda wa robo saa. Miaka yote hii alikuwa karibu hivyo. Alitutembeza shambani mwake kwanza, kila shina lenye wasiwasi ameling'oa na kulichoma, kisha akatuonyesha cheti cha mkaguzi. Tumenunua vijiti vya Kiroba vya nusu ekari, na vya Mkuranga 1 kidogo kwa kujaribu. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja ekari hula pingili kama 4,000, kwa hiyo nusu ekari ndiyo tuliyoweza. Vingine tutazalisha wenyewe.

Mchana mama aling'oa mashina ya mwisho ya Kibandameno. Hakutaka nimsaidie. Aliyakusanya pembeni na kuyatia moto, na moshi ulipoanza kupanda akaenda kuosha mikono.

Tumekata pingili chini ya mwembe, kila moja ina macho matano hadi saba, tumezilaza kivulini na kuzifunika majani ya mgomba zisikauke. Mawingu yamejikusanya upande wa bahari tangu saa tisa. Unga wa bibi mama ameuloweka, ameutandaza kwenye sinia, na anaulinda na kuku.

"Hao nzi wako," ameniuliza bila kugeuka, "wanaweza kuvuka njia?"

Ng'ambo ya njia kuna shamba la Mzee jirani. Kibandameno tupu, na majani ya chini yana njano.

"Wanavuka, mama."

Amegeuza unga kwa mwiko, akausawazisha tena.

"Basi ugali ukiiva tumpelekee kidogo. Tukaongee naye."